Kadi ya Kliniki Si ya Mtoto Peke Yake



Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi habari ya mama mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa ameomba hivyo. Ameishi na presha miaka mingi, na mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Alidhani ni kwa sababu ya kusimama kutwa nzima penye meza ya biashara. Wifi yake alipomshika mkono wakaenda kupima, daktari alimweleza kwamba figo zimechoka na hazitarudi kama zamani. Kazi iliyobaki ni kuzitunza zisichoke zaidi. Kisha akamuuliza swali ambalo mama hakulitarajia: "Mama, umeshachanjwa homa ya ini?"

Mama alicheka. "Daktari, chanjo si za watoto? Wangu wanne wote walimaliza kliniki, na kadi zao ninazo hadi leo."

Sisi tuliposimuliwa hatukumcheka, maana wengi wetu tungejibu vivyo hivyo. Kadi za watoto tunazitia katika mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo. Je, kadi ya mama iko wapi? Wengi wetu sindano ya mwisho ya chanjo tuliyochomwa ni ile ya pepopunda, tulipokuwa wajawazito.

Basi tueleze kwa nini daktari aliuliza. Figo zinapodhoofika, uchafu uliopaswa kutoka kwa mkojo hubaki ndani ya damu, na nguvu za mwili za kupigana na maradhi hupungua. Kisukari kikiwepo, nguvu hizo hupungua zaidi. Ugonjwa ambao jirani ataumaliza kwa siku chache kitandani unaweza kumfikisha mgonjwa wa figo wodini. Kwa wale wanaosafishwa damu kwa mashine, maradhi ya kuambukizwa ni miongoni mwa mambo makubwa yanayowaua, baada ya maradhi ya moyo.

Homa ya ini aina ya B ndiyo inayoogopwa sana mahali penye mashine hizo. Virusi vyake hukaa ndani ya damu, na hata tone lililokauka mezani linaweza kuambukiza kwa muda wa siku saba. Mgonjwa wa mashine hukaa na damu yake ikitoka na kurudi kwa saa nne hivi, kwa kawaida mara tatu kwa juma. Mwaka 1969 na 1970 homa ya ini iliingia katika kitengo cha kusafisha damu huko Edinburgh, Uskoti, ikaua wagonjwa na hata watumishi waliowahudumia. Wakati ule chanjo haikuwapo. Leo ipo.

Hapa Tanzania chanjo hiyo iliingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuliozaliwa kabla ya mwaka huo hatukuipata utotoni. Watoto wetu wamekingwa, nasi tuliowabeba mgongoni hadi kliniki hatujakingwa.

Jambo kubwa tunalotaka mlishike ni hili: usingoje mashine. Figo zikiwa bado zina nguvu kiasi, mwili huipokea chanjo vizuri na kujijengea kinga. Zikishakufa kabisa, mwili huwa mzito kujifunza. Ndiyo sababu mtu mzima mwingine huchomwa mara tatu katika miezi sita, lakini aliye kwenye mashine hupewa dozi iliyo mara mbili ya hiyo, na kwa baadhi ya chanjo huchomwa mara nne. Mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho, damu yake hupimwa kuona kama kinga imejengeka, na hupimwa tena kila mwaka. Ikionekana imeshuka, huongezewa sindano.

Kabla ya kuchanjwa, omba kupimwa damu kwanza. Anayekutwa tayari ana virusi, chanjo haitamsaidia. Huyo anahitaji kutibiwa na kufuatiliwa. Asifiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tunajua maneno ya mtaani. Wengi tunakumbuka Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa Ikulu, Dar es Salaam, kuzindua chanjo ya UVIKO-19. Siku zile kila mtu alikuwa na neno la kusema. Basi mama yetu naye aliuliza, "Haitazimaliza figo zangu zilizobaki?" La hasha. Chanjo ya homa ya ini B haina kirusi kilicho hai, wala haiwezi kumpa mtu ugonjwa huo. Mkono unaweza kuuma, au mwili ukapata homa kidogo kwa siku moja au mbili, kisha yakapita.

Wako pia wanaosema, "Mimi naomba, yatosha." Nasi twaomba. Lakini mbona mtoto tulimwombea na kliniki tukampeleka?

Yako mengine ya kumuuliza daktari. Iko chanjo ya nimonia, na iko ya mafua makali ambayo huchomwa kila mwaka. Hizi kwa watu wazima hazipatikani kila mahali, basi ulizeni. Zipo na chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na ya homa ya manjano. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata biashara Kampala au Lubumbashi wanaijua kadi ya homa ya manjano. Mwenye ugonjwa wa figo asichomwe hiyo kabla ya kumwona daktari wake. Aliyepandikizwa figo kwa kawaida hapewi chanjo za namna hiyo, kwa kuwa dawa anazokunywa zinashusha kinga ya mwili. Tangu Novemba 2017 upandikizaji wa figo unafanyika hapa kwetu Muhimbili, basi mwenye tumaini la kufika huko akamilishe chanjo zake mapema.

Kama mkono mmoja umetengenezewa mshipa wa kusafishia damu, mwambie muuguzi atumie mkono mwingine. Na wa nyumbani wasisahauliwe. Homa ya ini B huenda kwa wembe wa kuchangia, na kwa tendo la ndoa pia. Mume naye apimwe, na achanjwe.

Gharama tunaijua. Chanjo hii kwa mtu mzima mara nyingi hulipiwa, basi uliza bei kabla ya kwenda. Mama wa Mtaa wa Kongo alilisema jambo hili katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. Wenzake walimpa zamu yake mapema, na wawili kati yao wenye presha wakaenda naye kupima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa mashine mara tatu kwa juma ni ghali kuliko sindano tatu.

Damu yake ilikutwa salama. Amechomwa ya kwanza, na mwezi uliofuata ya pili. Imebaki moja, nayo ndiyo inayosahauliwa na wengi, kwa kuwa huja miezi mitano baadaye. Yake itaangukia Desemba, wakati wateja wa sikukuu wanajaa hadi njiani. Tulimuuliza atafanyaje. Alisema, "Wifi atakaa mezani. Nimeshamwambia."

Wewe msomaji mwenye presha au kisukari, uliza figo zako zikoje, kisha uliza kadi yako. Na wewe wifi, dada au jirani, kaa mezani ili mwenzako aende.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.