Mzee wa Aix na Mgeni Wake

Mwezi wa Februari, mwaka wa 1904, mchora picha Mfaransa jina lake Émile Bernard alishuka melini katika bandari ya Marseille, akitoka Misri, alikokuwa amekaa miaka mingi. Kutoka hapo mji wa Aix si mbali, na huko ndiko alikoishi Paul Cézanne, fundi ambaye Bernard alimstahi sana, na alikuwa amekwisha kuandika habari zake, ingawa hajapata kuonana naye. Basi akashika njia kwenda kumwamkia.

Cézanne alikuwa na umri wa miaka 65. Mjini kwake hakupewa heshima. Hata watoto walimtupia mawe njiani. Alimpokea mgeni kwa furaha, akampeleka katika kilima cha Les Lauves, kwenye nyumba ya kazi aliyojijengea, iliyomalizika mwaka wa 1902. Yeye alichora orofani. Bernard akapewa chumba cha chini.

Kila siku Bernard alisikia nyayo za mzee juu yake, zikienda na kurudi. Mara mzee hushuka bustanini, akaketi, kisha akapanda upesi kama mtu aliyekumbuka neno. Alikuwa akichora mafuvu matatu juu ya zulia. Bernard aliiona picha ile kuwa imekwisha; lakini mwezi mzima mzee aliibadili rangi na umbo karibu kila siku.

Siku moja walipokuwa wakitembea, mzee alijikwaa. Bernard akamshika asianguke. Mzee akaghadhibika mno, akamtukana, akaenda zake, maana hakuvumilia kuguswa na mtu. Bernard alidhani urafiki umekwisha. Lakini baadaye mzee alimjia kwa upole, na mambo yakawa kama kwanza.

Bernard alipokwisha kuondoka waliandikiana barua. Mwezi wa Septemba 1906 mzee alimwarifu kwamba angali anajifunza, na kwamba ameapa kufa akichora. Mwezi uliofuata mvua kubwa ilimnyeshea akiwa kazini nje, akaugua, akafa baada ya siku chache.

Leo picha za Cézanne zimo katika majumba makubwa ya dunia. Huenda kijana hupenda kumwuliza fundi siri ya kazi yake. Bernard aliisikia kila siku juu ya dari: mzee aliyesifiwa na wachoraji wenziwe alikuwa bado hajaridhika na kazi yake. Elimu haina mwisho.