Kadi ya kompyuta ipimwe kama pampu ya shamba

MKULIMA anayetaka kumwagilia bustani ya nyanya hanunui pampu kwa kuangalia rangi yake. Huuliza kisima kina maji kiasi gani, bomba lina upana gani, na injini inakunywa mafuta kiasi gani kwa saa. Pampu ikizidi uwezo wa kisima, maji hukatika katikati ya kazi, pampu huungua kwa kukimbia kavu, na hasara hubaki kwa mwenye shamba. Busara hiyo, ambayo wengi hawakuipata darasani, hupotea mara fedha za mavuno zinapohamia mjini.

Si jambo geni siku hizi kwa mkulima wa mpunga wa Kahama au Mbarali kumpa kijana wake mtaji afungue studio ya kuhariri video za harusi, sendofu na kipaimara, au ya kutengeneza mabango na kadi za mialiko. Kompyuta inayonunuliwa mara nyingi ni ya mtumba, iliyomaliza muda wake katika ofisi za Ulaya au iliyopitia Dubai. Ni mashine imara, na kwa kazi za barua na hesabu haina tatizo. Tatizo huanza kazi ya video inapokuwa nzito na kijana akashauriwa kuongeza kadi ya grafiki, yaani kadi inayoisaidia kompyuta kuchora picha na kuandaa video. Hapo ndipo mtaji wa wengi unapoteketea, kwa sababu kadi hununuliwa kwa jina na sifa za dukani, wala si kwa vipimo.

Kipimo cha kwanza ni nafasi. Kompyuta nyingi za ofisi ni nyembamba, na ndani yake hupokea kadi yenye bati fupi la karibu sentimita 8 tu. Kadi ya kawaida ina bati la karibu sentimita 12, kwa hiyo kasha halitafungika. Zipo pia kadi zenye urefu unaozidi sentimita 30 na unene wa kuziba nafasi mbili hadi tatu za kuchomekea. Rula ya mtoto wa shule inatosha kuzuia hasara hii, lakini ni wachache wanaofungua kasha na kupima kabla ya kupanda basi kwenda Kariakoo.

Kipimo cha pili ni umeme. Sloti ya kadi kwenye madabodi inaruhusiwa kutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima iletewe umeme kwa waya wa pembeni kutoka kwenye pawa saplai. Dell OptiPlex 7010 nyembamba ya mwaka 2012, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 240 kwa mashine nzima, na haina waya huo. Aidha, mashine nyingi za aina hii hutumia pawa saplai yenye umbo la kampuni yenyewe, hivyo kuibadilisha si kazi rahisi.

Baadhi ya mafundi huamua kuchota umeme kwenye plagi ya diski kwa kutumia waya wa kuunganisha. Ni vyema ikaeleweka kuwa plagi ya diski za kisasa inaruhusiwa kubeba kama wati 54 katika volti 12, wakati kadi yenye plagi ya pini sita inaweza kudai hadi wati 75 kupitia plagi hiyo. Waya ukizidiwa, plastiki huyeyuka. Huko ni kuhatarisha chumba kizima na kazi za wateja zilizomo ndani.

Jina la kadi nalo halitoshi kuwa kipimo. RTX 3050 yenye gigabaiti 8, iliyotoka mwaka 2022, hutumia wati 130 na huhitaji waya wa pembeni. RTX 3050 yenye gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, hutumia wati 70. Kwa jina ni ndugu, lakini moja inaweza kufanya kazi katika kompyuta ndogo ya ofisi na nyingine haiwezi. Vilevile, kadi ndogo ya GT 1030 ya mwaka 2017 hutumia wati 30 na huingia karibu kila mahali, lakini haina kile kisehemu cha kufinyaza video ambacho huharakisha kazi ya kutoa filamu iliyokamilika. Mwenye studio ya harusi akiinunua kwa matumaini ya kumaliza kazi haraka, atakuwa amenunua jembe lisilo na mpini.

Kipimo cha tatu, ambacho hupuuzwa zaidi, ni joto. Kila wati inayoingia kwenye kadi hutoka ikiwa joto. Kadi ya wati 300 ikifanya kazi kwa nguvu zote ni sawa na kuwasha jiko dogo la umeme chini ya meza. Chumba cha Dar es Salaam au Tanga kinachozidi nyuzi joto 30 hakina hewa baridi ya kuipa kadi hiyo. Kadi nyingi zimetengenezwa zipunguze kasi zenyewe joto lake likishapita nyuzi 80 na kitu. Kwa mantiki hiyo, mnunuzi aliyelipia kasi kubwa hurudishiwa kasi ndogo mchana wa jua kali, wakati bei haikupunguzwa.

Muundo wa feni una maana pia. Kadi zenye feni mbili au tatu za wazi humwaga joto ndani ya kasha, na zinahitaji kasha pana lenye feni zake. Kadi yenye feni moja ya kusukuma hewa hutoa joto nje kwa nyuma. Ina kelele zaidi, lakini hufaa kasha lenye hewa finyu. Mashine isifungiwe ndani ya kabati la meza, na isibanwe ukutani. Kwa maeneo ya vumbi kama Dodoma na Shinyanga, kupuliza na kupiga brashi mara kwa mara si anasa, ila feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza.

Gharama nazo zihesabiwe zote. Kadi ya wati 300 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane kwa siku hula uniti 2.4 za umeme. Kadi ya wati 75 hula uniti 0.6. Tofauti ni uniti 1.8 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni karibu uniti 47 kila mwezi. Hapo bado feni ya chumba, na bado siku ambazo mashine inazimika wakati bibi harusi anaulizia video yake.

Wapo wanaosema ni heri kununua kubwa mara moja ili isaidie mbele ya safari. Hoja hiyo ina ukweli iwapo mnunuzi ana fedha ya kasha pana, pawa saplai mpya na chumba chenye hewa. Akiwa navyo, na kazi zake zikiwa nyingi, kadi kubwa italipa. Lakini asiyekuwa navyo amenunua pampu ya shamba ambalo bado hajalikodi, huku riba ya SACCOS ikitembea.

Wengine huvutiwa na kadi zilizotumika. Mwezi Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha mfumo uliotegemea kadi hizi, na nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Si zote ni mbovu, lakini feni huchakaa na ute wa kupitisha joto hukauka. Mnunuzi asitoe fedha kabla kadi haijafanyishwa kazi nzito kwa nusu saa mbele yake, huku joto lake likisomwa kwenye kioo.

Wauzaji nao wana wajibu. Muuzaji wa mbolea huonyesha kilichomo ndani ya mfuko. Muuzaji wa kadi naye aandike urefu, unene, wati na aina ya plagi kwenye risiti. Maofisa mikopo wa SACCOS, wanaodai ankara ya kila kifaa, wadai pia vipimo vya kasha kitakapoingia.

Jambo la msingi ni kuanza na kazi. Duka la pembejeo linaloandika stoo na kuchapa risiti halihitaji kadi yoyote ya ziada. Studio ya harusi, au vijana wanaochora ramani za mashamba kwa picha za droni, wanaihitaji kweli. Kwao, kadi ya wati 75 inayoingia, isiyochemka na inayofanya kazi kila siku ina faida kuliko ya wati 300 iliyofungwa ndani ya boksi lake juu ya kabati, ikisubiri kasha ambalo fedha yake imekwisha.