Nani alisema lazima uchague kitabu ama mpira?

Myron Rolle hakuwahi kucheza hata mechi moja ya msimu rasmi wa NFL. Hata moja. Ukiishia hapo utasema huyu jamaa alifeli. Mimi nakataa.

Rolle alikuwa beki wa nyuma wa Florida State, na shahada alimaliza kwa miaka miwili na nusu tu. Novemba 2008 alikuwa na usaili wa ufadhili wa Rhodes kule Birmingham, Alabama, na siku hiyo hiyo timu yake ilikuwa inacheza Maryland. Akafanya usaili, akapita, akaruka na ndege, akaingia uwanjani mechi ikiwa imeanza kitambo. Mwaka uliofuata, badala ya kukimbilia NFL, akaenda Oxford.

Hapo ndipo maneno yalianza. Kabla ya drafti ya 2010, timu moja ilimuuliza alijisikiaje kuwaacha wenzake. Eti kusoma ni kusaliti! Tennessee Titans wakamchukua raundi ya 6, nambari 207. Pittsburgh Steelers wakamjaribu 2012, wakamwacha kabla msimu uanze.

Basi 2013 akaingia shule ya udaktari, akamaliza 2017, kisha akaenda Massachusetts General, Boston, kusomea upasuaji wa ubongo. Mchezo unaoumiza vichwa ulimkataa, naye sasa anatibu vichwa.

Sasa tusicheke Wamarekani, kwa sababu hata sisi Kenya tuko hivyo hivyo. Mtoto akipenda mpira, nyumbani anaambiwa mpira hauliwi. Akishika vitabu, kocha anasema huyu hana njaa. Kila upande unamtaka mzima, na goti likienda, hakuna upande unaomjua.

Najua mtaniambia Rolle ni mmoja kati ya milioni. Sawa, si kila mtu atapasua ubongo. Lakini yeye mwenyewe husema alijifunza kwa kocha wake, Mickey Andrews, kuongeza asilimia 2 tu kila siku. Hiyo si kipaji, hiyo ni mazoea. Fundi anaweza, mkimbiaji anaweza, hata wewe unayetengeneza video usiku.

Makocha, mpeni mchezaji ruhusa afanye mtihani wake. Wazazi, mwacheni mtoto aende mazoezi. Kuwa na mlango wa pili si woga.

Ama mnaonaje? Nimekosea wapi? Niambieni hapo chini.