Kiti cha henzirani hakitupwi
BARAZANI na Bi Zuwena

Jumanne jioni nilipita Magomeni kumjulia hali bibi mmoja ninayemheshimu, nikakuta kiti chake cha henzirani kimepakiwa kwenye mkokoteni, miguu juu, tayari kwenda jalalani. Kosa lake ni kwamba kikalio kimetoboka tundu la ukubwa wa kiganja. Fremu nzima, mikono mizima, miguu haichezi. Mjukuu wake, kijana mwenye adabu na kazi nzuri, akaniamkia: "Shikamoo Bi Zuwena. Hicho cha kizamani mno, wageni wakija tunaona aibu. Tumeleta sofa."

Nilikasirika palepale, na hadi naandika haya hasira haijaisha.

Sofa lenyewe nikakaribishwa nilikalie. Jeusi, la ngozi bandia, bado limevikwa nailoni ya dukani lisichafuke. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama. Muda si muda mgongo wangu ukalowa, na kila nikijisogeza nailoni inaning'ang'ania nguo. Bibi mwenyewe hakulikalia. Alikuwa sakafuni, mkekani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sofa linammeza, na akishakaa hawezi kuinuka mpaka ashikwe mkono. Mtu mzima amenyang'anywa kiti alichokizoea ili sebule ipendeze machoni pa watu wanaokuja mara moja kwa mwezi!

Wasomaji wa Barazani mnajua nilivyosema juu ya madirisha ya vioo yasiyofunguka. Ugonjwa ni uleule. Tunanunua vitu vya nchi za baridi, kisha tunahangaikia feni. Waliotutangulia pwani hii hawakuhangaika. Kiti cha enzi cha Lamu, cha mpingo na nakshi za pembe, fahari ya mwenye nyumba, kiliwambwa nyuzi ili mwili upumue. Kitanda cha kamba nacho vivyo hivyo. Joto hawakulibishia, waliliachia njia.

Na henzirani si kitu dhaifu. Ni mmea wa jamii ya mitende unaotambaa na kuparamia miti msituni. Ndani umejaa, hauna uwazi kama mwanzi, ndiyo maana ukipashwa moto hupinda bila kuvunjika. Indonesia, inakotoka kwa wingi kuliko kwingine kokote duniani, ilipiga marufuku kuuza nje henzirani ghafi tangu 2012, ili kazi ya kuisuka ibaki kwa mafundi wake. Wenzetu wanaitungia sheria, sisi tunaipakia mkokoteni.

Kikalio kikilegea, kipanguse kwa maji ya moto, kianike, kitajikaza chenyewe. Kikitoboka, kinasukwa upya. Fundi huloweka kamba zilizochanwa kwenye ganda la henzirani, kisha huzipitisha mara sita: mbili wima, mbili mlalo, mbili mshazari, mpaka vijitundu vya pembe nane vijitokeze. Ni kazi ya vidole na macho, na haikimbizwi. Ngozi bandia ikianza kubabuka, muulizeni aliyewauzia kama atairudisha ilivyokuwa.

Mwenye mkokoteni nilimlipa ujira wake, akanigeuzia njia, kiti kikaenda kwa fundi badala ya jalalani. Kikiwa tayari kitarudi kwa mwenyewe, na mjukuu nimeshamwambia. Lakini fundi naye akanitonesha kidonda kingine. Anasema wateja wanaomletea viti, wakitajiwa bei, wanataka nusu yake, na wengine wanabeba kiti chao na kuondoka wakinung'unika. Sofa la mkopo wanalilipia kwa miezi, na riba juu, hakuna anayefungua mdomo. Aliyeinama siku nzima akikurudishia kiti cha bibi yako ndiye unayemwambia apunguze?