Kwa Miguu Hadi Kafuro

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika Karagwe usiishie Kayanga. Nenda hata Kafuro, ukatembee kwa miguu. Katika karne ya 19 hapo palikuwa kituo cha wafanya biashara Waarabu na Waswahili kutoka Tabora. Walileta nguo na shanga, wakanunua pembe za ndovu, kwa idhini ya Mfalme Rumanika aliyekaa Bweranyange. Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta Kafuro tajiri Ahmed bin Ibrahim. Usitaraji majumba ya mawe kama ya Lamu. Hapa habari zimo vifuani mwa wazee. Basi waamkie, uwaulize misafara ilipita wapi na soko lilikuwa wapi, kisha uandike. Mzee asiyeulizwa huzikwa na mji wake.