Reli Tatu, Bandari Moja
Gharama ya kupeleka shehena bara haiamuliwi bandarini tu. Dar es Salaam ina reli za vipimo vitatu: Reli ya Kati, milimita 1,000, TAZARA, milimita 1,067, iendayo Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860, na reli mpya ya kisasa, milimita 1,435. Behewa la moja haliingii kwenye nyingine. Ndiyo sababu mwaka 1998 kilifunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Kila kontena linapohamishwa, mwenye mali hulipia kreni na siku za kungoja. Akichoka, hukodi lori. Maoni yetu: fedha za magati ziende sambamba na za kreni na mabehewa. Meli kupakua upesi hakumsaidii mteja wa Ndola iwapo mzigo wake umelala njiani.