MELODY HAHITAJI MUUJIZA

Hadithi nyingi za watoto kuhusu msichana mwenye ulemavu huishia pale pale: msichana anainuka na kutembea. Katika Heidi, kitabu cha Johanna Spyri wa Uswisi kilichotoka 1880 na 1881, Clara anaacha kiti cha magurudumu na kwenda kwa miguu yake. Katika What Katy Did cha 1872, Katy anaanguka kutoka kwenye bembea, analala kitandani miaka, kisha anapona. Sisi wasomaji twashangilia. Lakini je, yule asiyepona, hadithi yake iko wapi?

Iko katika Out of My Mind, riwaya ya Mmarekani Sharon M. Draper iliyotoka 2010. Melody anakaribia miaka 11. Hawezi kutembea, kusema wala kujilisha, kwa kuwa mtindio wa ubongo umemfunga mwili. Akili, lakini, ni kali kama wembe. Maneno yamemjaa kichwani tele, ila hayatoki. Daktari anampima, kisha anamwambia mamake kwamba ubongo wa mtoto umeharibika vibaya. Yote hayo Melody anayasikia!

Baadaye anapata kompyuta ya kumsemea, anaingia katika timu ya chemsha bongo ya shule na wanashinda. Siku ya kwenda Washington anafika uwanja wa ndege na masanduku yake. Lo! Wenzake wameshapanda ndege ya mapema na kumwacha bila kumwambia. Jamani, miguu yake haikumkosesha safari. Waliomkosesha ni wenye miguu mizima.

Wapo watakaosema kwamba methali yetu, hujafa hujaumbika, yatosha kutufunza adabu. Mimi naona haitoshi. Ukimheshimu mwenzako ati kwa sababu kesho waweza kuwa kama yeye, hujamheshimu yeye, umejiogopea mwenyewe. Melody hataki kuogopwa wala kuhurumiwa. Anataka angojwe amalize sentensi yake, na aambiwe saa ya ndege kama wengine.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kusoma katika shule zilizo ndani ya jamii. Sasa tujitazame sisi wa shule ya kutwa. Madarasa ya Kidato cha Tatu yako orofani na njia ni ngazi tupu. Msichana kama Melody akiletwa hapa Januari na alama zake nzuri, si atabaki chini akisikiliza kelele zetu?

Walimu wetu wapendwa, akija mwanafunzi wa namna hiyo, darasa lake lihamishiwe chini. Madeski tutayabeba sisi wenyewe, na kazi hiyo haimalizi hata nusu saa.